Muuguzi wa Mtaa, Si wa Wilaya

Katika kijitabu cha mafunzo kilichonifikia hivi karibuni, muuguzi anayepita nyumba kwa nyumba kuwahudumia wazee na wasiojiweza ameitwa "muuguzi wa wilaya". Kosa hili si dogo. Kwetu Tanzania, ukitaja muuguzi wa wilaya, watu wanamfikiria bosi: ana ofisi, ana muhuri, anasimamia wauguzi wenzake. Bibi aliyelala chumbani kwake kwa kiharusi hamjui wala hamsubiri.

Mfasiri wa kijitabu hicho alikutana na "district nurse" ya Waingereza, akachukua maana ya kwanza ya "district" aliyoiona kwenye kamusi. Historia ingemwongoza. Mwaka 1859, William Rathbone, mfanyabiashara wa Liverpool aliyefiwa na mkewe, alimwajiri Mary Robinson, aliyekuwa amemuuguza marehemu, ili akawauguze maskini majumbani mwao. Mpango ulipokua, jiji liligawanywa katika maeneo 18. Hizo ndizo "district" zenyewe: vipande vya jiji moja, kama mitaa yetu.

Wilaya ni neno la Kiarabu, ndugu wa liwali. Tangu asili yake linabeba mamlaka. Atatokea wa kunijibu kwamba hata "district" inatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana na kushurutisha. Ni kweli, lakini Mwingereza wa leo haisikii tena maana hiyo, ilhali sisi tukisema wilaya tunamwona mkuu wake. Waholanzi walichagua vizuri zaidi: muuguzi huyu wanamwita wijkverpleegkundige, na wijk ni mtaa. Hata shirika lao la uuguzi wa majumbani la Buurtzorg, lililoasishwa na Jos de Blok, ambalo timu zake hazizidi wauguzi 12, jina lake limejengwa juu ya buurt, yaani ujirani, na zorg, yaani matunzo.

Wapo pia wanaopigia debe "mtoa huduma wa majumbani". Hilo linaniudhi zaidi. Mtoa huduma ni yeyote, hata kampuni ya simu. Kiswahili kina kuugua, kuuguza, uuguzi: mnyambuliko ulionyooka. Mtu asipoonekana kazini, akiulizwa hujibu "nauguza", na wote wanaelewa kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa. Kitenzi hiki kilikuwa cha nyumbani kabla hospitali hazijajengwa. Anayefungua bandeji ya mzee, akamgeuza ubavu kukagua vidonda vya mgongoni na visiginoni, kisha akatazama kama mpira wa mkojo unapitisha, huyo anauguza. Kumwita mtoa huduma ni kumvua kazi yake.

"Muuguzi wa mtaa" niliipeleka mbele ya kamati moja ya istilahi. Ikakataliwa kwa maneno ya mdomo tu, kwamba eti inaleta picha ya uchokoraa. Hoja hiyo haisimami. Tunasema mtoto wa mtaani, na kiambishi -ni kinaonyesha mahali anakoshinda na kulala. Mtaa bila -ni ni ujirani wenye mipaka na watu wanaojuana, ndiyo maana hakuna anayemdharau mwenyekiti wa mtaa. Wanaokalia viti vya kamati ya lugha hawana udhuru wa kutoijua tofauti hiyo, na mpaka leo hawajanipa jibu la maandishi.

Kuhusu matumizi: tuseme muuguzi wa mtaa, wauguzi wa mtaa, uuguzi wa mtaa; na vijijini tuseme muuguzi wa kijiji.

Istilahi hii inamwambia mgonjwa kwamba muuguzi huyo ni wake, na inamwambia muuguzi ni nyumba zipi zinazomhusu. "Wilaya" haisemi lolote kati ya hayo mawili. Iondolewe katika chapa ijayo ya kijitabu hicho.