Mijadala ya Wanafunzi wa Uzamivu juu ya Ardhi na Maji ya Bonde la Kilombero

Kuna desturi ya kielimu ambayo kwayo wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika elimu ya miamba, udongo, maji na tabianchi huziweka kazi zao mbele ya wenzao zingali mbichi, ili zihojiwe, zikosolewe na kutiwa sawa kabla hazijafika mikononi mwa watahini. Miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizowapa wanafunzi hao maudhui mengi ni bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro, ambalo mji wake maarufu ni Ifakara.

Sababu haiko mbali. Bonde hili ni ardhi iliyodidimia baina ya nyufa, safu ya Udzungwa ikiwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Na maji ya Mnyera, Mpanga, Ruhudji, Kihansi na Lumemo yashukapo kutoka nyanda za juu huishia katika uwanda mmoja wa mafuriko, ambao mwaka 2002 uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar kwa eneo la takriban hekta 797,000. Mto wenyewe, ambao katika vitabu vya zamani huitwa pia Ulanga, ukisha kukutana na Luwegu ndipo huwa Rufiji, nao huuletea Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Basi mwenye kutaka habari za Rufiji, pamoja na bwawa la Julius Nyerere, hana budi aanze kuuliza Kilombero.

Walakini majibu ni haba. Kipimo cha mto kinachotegemewa kuliko vingine vyote ni cha Swero, na tarakimu zake zifaazo kwa hesabu ni za baina ya mwaka 1958 na 1970. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo atakaye kukadiria mto utakuwaje miaka thelathini ijayo hulazimika kuizoeza modeli yake ya kompyuta kwa maji yaliyopita kabla reli ya TAZARA haijakatiza bondeni, na kabla sehemu kubwa ya uwanda haijageuzwa mashamba ya mpunga. Madhali hakuna shahidi mwingine wa kumkana, shahidi anayebaki ni mwanafunzi mwenzake.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi asimamaye kando ya bango lake, kidole chake kikifuata mstari wa maji ya Swero unaopanda na masika hadi kilele cha Aprili, kisha ukateremka polepole mpaka Novemba. Mwenzake wa elimu ya hewa humwuliza mvua hiyo imepimwa wapi, ilhali vipimo vichache vilivyopo vimewekwa aghalabu bondeni, na mawingu hujimwaga milimani. Akijibu kwamba ameziba pengo kwa makadirio ya setilaiti, huulizwa ni makadirio yapi, kwani hayo nayo hayapatani. Kisha huja swali zito kuliko yote: ule ubao wa sentimita uliosimikwa ukingoni, ambao msomaji huusoma na kuandika daftarini, ulisemaje siku ambazo mto ulivunja kingo ukatambaa uwandani? Jibu la haki ni kwamba kimo cha maji kilisomwa, lakini wingi wake ulikisiwa tu. Swali hilo moja laweza kumrudisha mtu mezani kwa mwezi mzima, na kwa rai yetu ni afadhali lije hapo kuliko siku ya kutetea tasnifu.

Mijadala ya namna hii ilipata nguvu tangu mwaka 2013, ulipoanza mradi wa ardhi oevu za Afrika Mashariki ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Bonn, ambao uliwakusanya wanafunzi Waafrika na Wajerumani wakifanya kazi Kilombero na Namulonge nchini Uganda. Karibu na Ifakara majaribio yaliwekwa katika ngazi tatu za uwanda, yaani pembezoni chini ya milima, sehemu ya kati, na karibu na mto, hata mwenye kupima unyevu wa udongo na mwenye kupima mavuno ya mpunga wakawa wanategemeana, kosa la mmoja likiwa hasara ya mwingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Stockholm navyo vilishughulikia mvua, mtiririko na uvukizi wa bonde hilohilo, na tangu 2018 vyuo vya Bonn na Köln vimelirejea kwa mradi mwingine.

Nje ya bonde, kazi hizi hupelekwa kwenye makongamano ya WaterNet, yanayofanyika kila mwaka katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, na ambayo mwaka 2013 yalifanyika Dar es Salaam. Kadhalika hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa Umoja wa Sayansi za Ardhi wa Ulaya, mjini Vienna, ambao, kwa bahati isiyo njema kwa mpima mafuriko, huangukia aghalabu mwezi Aprili, naye akawa ughaibuni wakati mto wake umefura.

Kasoro moja haina budi itajwe. Mijadala hii huendeshwa takriban yote kwa Kiingereza, na tasnifu zake huhifadhiwa katika maktaba za vyuo vilivyo mbali, ilhali waliokaribisha vyombo vya kupimia katika mashamba yao ni wakulima wa bondeni. Mwanafunzi aliyepata kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na barua ya wilaya asihesabu kazi yake imekwisha siku ya kutunukiwa shahada: na arudi Ifakara, aeleze kwa Kiswahili alichokipima na jinsi alivyokosolewa, kisha aache nakala halmashauri, pamoja na tarakimu zake zote, ili atakayemfuata asianze tena na Swero ya mwaka 1958.