Alama za Tabia: Funzo Kutoka Musoma

Kila mwisho wa muhula, tunapokaa kupitisha matokeo, swali hurudi: mwanafunzi mwenye bidii na heshima aliyepata 48, ilhali kufaulu ni 50, tumwongezee? Na yule hodari lakini mtoro, tumpunguzie? Swali hili lina historia katika Afrika Mashariki.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo, wala haipimi tabia wala moyo wa kutumika. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kuwa mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Maendeleo ya darasani, kazi na tabia navyo vitazamwe. Aidha, wahitimu wa Kidato cha Sita hawakuruhusiwa tena kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Walitakiwa kwanza kufanya kazi, kisha walete mapendekezo ya mwajiri na ya chama.

Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilishuka, ikabidi wasamehewe sharti hilo. Je, wasichana hao walipungukiwa na tabia njema? La hasha! Kipimo kilichokusudiwa kupima moyo wa mtu kilikuwa kimepima hali ya maisha yake. Tena, mapendekezo hayo yalikuwa mikononi mwa wakubwa, na mwenye kupendekezwa hujifunza upesi kumpendeza anayependekeza.

Hapa Uganda, mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umetenga asilimia 20 kwa upimaji wa shuleni, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani mwaka 2024. Kwa hiyo kalamu iko mikononi mwa walimu tunaowafundisha.

Maoni yetu ni haya: bidii ihesabiwe pale inapoonekana katika kazi yenyewe, kama vile insha iliyoandikwa upya baada ya kusahihishwa. Tabia ielezwe kwa maneno, katika ripoti yake, na mwanafunzi aisome. Wa 48 apewe nafasi ya kurudia kazi, asipewe alama mbili za huruma. Mwalimu wa Kiswahili atakayempokea darasani kesho hatauliza kama alikuwa mpole. Atauliza kama anakijua Kiswahili.