Maji ya Mji na Watunzaji Wake



Katika Mji Mkongwe wa Unguja limo jengo liitwalo Hamamni, yaani mahali pa kuogea. Lilijengwa zamani za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Kabla ya enzi yake watu wa mjini walikunywa maji ya visima vifupi, vilivyoingiwa na uchafu kwa urahisi. Na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Barghash akaamuru maji safi yaletwe kwa mifereji kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji.

Hamamni ingalipo, na wageni huenda kuitazama. Lakini ndani yake hamna maji. Kuta zimedumu, kazi yake imekwisha.

Jambo hili latuhusu sisi wa Kutus. Mifereji ya Mwea ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, na wengi wa waliochimba walikuwa watu waliotiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Hawakuulizwa kama wataka. Bwawa la Thiba likafunguliwa 2022. Jasho la wale wa kwanza hatuwezi kulilipa tena. Deni tuwezalo kulipa ni kutunza: kuzoa tope, kuziba penye kuvuja, na kutomnyima maji jirani aliye chini ya mfereji. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watarithi kuta nzuri zilizo kavu.