Toba Inayofika kwa Jirani: Sala, Wajibu na Mabadiliko katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, Yesu anamzungumzia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana lalamiko juu yake. Mtu huyo haambiwi auombee ugomvi huo. Anaagizwa aiache sadaka palepale, aende akapatane kwanza, ndipo arudi kutoa. Agizo hilo linaweka mpaka ambao mafundisho mengi ya sala huupita bila kuuona. Yapo mambo ambayo Mungu ameyaacha mikononi mwa mwombaji mwenyewe. Deni hulipwa na mdaiwa, uongo hukanushwa na aliyeusema, na aliyedhulumu ndiye anayepaswa kubisha hodi kwa aliyedhulumiwa. Sala humpa mtu huyo ujasiri wa kwenda, lakini haiendi badala yake.

Uhusiano wa neema na wajibu umelisumbua kanisa tangu karne za mwanzo. Pelagio alifundisha kwamba binadamu anaweza kuzitii amri za Mungu akitaka. Augustino wa Hippo akamjibu kwamba hata kule kutaka ni zawadi, na mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Mtume Paulo alikuwa ameyashika yote mawili kwa pamoja katika sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi, akiwataka waumini waushughulikie wokovu wao kwa kicho na papo hapo akiwakumbusha kwamba Mungu ndiye afanyaye kazi ndani yao. Afrika Mashariki ilikuja kulijibu swali hilo kwa njia yake, na jibu lilianzia katika hospitali ya misheni iliyokuwa imejaa manung'uniko.

Hospitali hiyo ilikuwa Gahini, kituo kilicho kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Daktari Mwingereza Joe Church, wa shirika la misheni la Kianglikana la CMS, alifika huko mwaka 1928 na kukuta njaa kali. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka mwili na moyo, alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja. Nsibambi baadaye aliacha kazi hiyo akawa mhubiri, na mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini. Katika Uganda ya wakati ule, daktari Mzungu na mtumishi Mwafrika kupiga magoti pamoja kama watu wawili wenye haja ileile lilikuwa jambo geni. Uamsho wa Afrika Mashariki uliofuata ulichipuka hapo kwa sehemu kubwa.

Kisa kinachosaidia zaidi kuelewa uamsho huo ni cha Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini. Kazi ilikuwa inakwenda vibaya, watumishi walikuwa wamegawanyika, na Kinuka alikuwa na orodha ndefu ya lawama. Alipotumwa Kampala kumtembelea Nsibambi, mwenyeji wake alimsikiliza, kisha akamwelekeza atazame moyo wake mwenyewe, kwa kuwa kasoro za hospitali hazikutokana na wakubwa peke yao. Kinuka alirudi Gahini akiwa ametubu na akaanza kuungama mbele ya wenzake. Baadhi ya lawama zake huenda zilikuwa za haki. Hospitali za misheni hazikukosa ubaguzi wala ubahili. Hata hivyo toba yake ndiyo iliyofungua mlango, kwa sababu baada ya yeye kujishusha, wengine nao walijishusha, wakiwamo wakubwa. Baadhi ya wamisionari walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi na kuomba msamaha. Lawama ya Kinuka, hata kama ingekuwa ya kweli yote, isingewafikisha hapo.

Kigozi alifariki dunia Kampala mnamo Januari 1936, alipokuwa amekwenda kwa ajili ya sinodi ya kanisa, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Vikundi vya wainjilisti vilienda Kigezi na Buganda, vikaingia Kenya mwaka 1937, na kabla ya muongo huo kwisha vikawa vimefika Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanganyika. Waliookoka waliitwa Balokole nchini Uganda. Kenya na Tanganyika waliitana ndugu. Walibaki ndani ya makanisa yao, Waanglikana kwa Walutheri, na kukutana kila juma katika ushirika usio na mchungaji wala katiba. Kila aliyetoa ushuhuda aliitikiwa kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, unaoimbwa hadi leo hata na wasiokijua Kiganda.

Ndani ya ushirika huo sala ilikuwa na masharti. Ungamo la jumla, la mtu kusema tu kwamba yeye ni mwenye dhambi, halikukubaliwa. Mtu alitakiwa ataje alichofanya, amtaje aliyemkosea, kisha aende kwake. Walioiba walirudisha walivyoiba, wenye madeni walilipa, waume waliungama kwa wake zao. Mfano wao ulikuwa Zakayo wa sura ya 19 ya Luka, ambaye baada ya kumpokea Yesu nyumbani mwake alitangaza kwamba atawarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Mwili, mfuko na mguu viliingizwa katika sala. Aliyesema ameokoka na bado ana baiskeli ya wizi uvunguni aliambiwa wazi kwamba hajamaliza kuomba.

Utaratibu huo ulikuwa na hatari zake. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho huo, ameonyesha jinsi wazee na wanasiasa wa makabila walivyokerwa na watu walioanika siri za nyumba hadharani. Malalamiko hayo yasidharauliwe. Anayeungama uzinzi mbele ya umati humfichua na mtu wa pili, ambaye hakuombwa ruhusa na pengine ana mume au mke asiyejua lolote. Toba ya mmoja inaweza kuwa jeraha la mwingine. Kanuni iliyo salama ni kwamba ungamo lifike pale kosa lilipofika, lisizidi hapo: lililofanywa sirini dhidi ya mtu mmoja lipelekwe kwa mtu huyo, na lililofanywa hadharani litubiwe hadharani.

Pamoja na kasoro hiyo, ushirika wa zamani unayazidi kwa mbali maombi mengi yanayovuta umati mijini leo. Katika baadhi ya mikutano ya ukombozi, umaskini, ugomvi wa ndoa, ulevi na hata uvivu huelezwa kuwa ni kazi ya pepo au laana ya ukoo, na tiba yake ni kukemea. Mkristo anayeamini kuwapo kwa pepo hana sababu ya kukataa sala ya kuwafukuza. Injili zenyewe zinaijua. Ubaya unaanza pale mume anayempiga mkewe anapoombewa roho ya hasira imtoke, wala haulizwi lini atamwomba mke msamaha na ni nani atakayemsimamia asirudie. Mke anarudi nyumbani na mtu yuleyule. Sala ya namna hiyo imemwondolea mkosaji wajibu wake na kumwachia aliyekosewa mzigo wote. Nsibambi hangeiita toba.

Mabadiliko ya kweli yaliwagharimu ndugu, na gharama ya kwanza ilidaiwa na kanisa lao wenyewe. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi waliookoka waliamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri dhidi ya maovu waliyoyaona chuoni. Mkuu wa chuo aliwakataza mikusanyiko hiyo, wakakataa kutii, na 26 kati yao wakafukuzwa, akiwamo William Nagenda. Ushupavu wao unaweza kulaumiwa, maana kijana anayemkemea mwalimu wake alfajiri huweza kuchanganya bidii na majivuno. Lakini walipofukuzwa hawakuanzisha dhehebu lao. Waliendelea kuabudu katika kanisa lililowanyima daraja la uchungaji, na Nagenda akawa mhubiri aliyealikwa katika mabara mengine bila kuwekewa mikono.

Gharama kubwa zaidi ilikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga utawala wa kikoloni, wakisema kwamba waliokwisha kuinywa damu ya Kristo hawawezi kunywa nyingine. Wengi walikataa vilevile kubeba silaha upande wa serikali, na kwa hiyo hawakuwa na mlinzi upande wowote. Baadhi yao waliuawa. Upo ukosoaji wenye uzito kwamba msimamo huo haukuwa na neno la kutosha kuhusu ardhi iliyoporwa, jambo ambalo lilikuwa kiini cha vita yenyewe. Ukosoaji huo unagusa udhaifu uliokuja kuonekana kwa ukubwa wa kutisha mahali uamsho ulipozaliwa.

Wajibu ambao ndugu waliufahamu vizuri ulikuwa wa dhambi zenye jina na mwenyewe: wizi, uzinzi, uongo, chuki kati ya fulani na fulani. Kadiri miaka ilivyopita, sehemu nyingine orodha hiyo iligeuka kuwa sheria. Mavazi, mikopo na mitindo ya nywele vikawa vipimo vya wokovu, na ushirika ukagawanyika kwa ajili ya mambo hayo. Wakati huohuo dhambi zinazotendwa na kundi zima, au na serikali kwa niaba ya kundi, hazikupata nafasi katika ushuhuda. Mtu aliweza kuungama senti alizoiba na asiguse kamwe faida aliyoipata kwa kuwa wa kabila lililo madarakani.

Rwanda haikukosa mashahidi. Yona Kanamuzeyi, mchungaji aliyewahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao na kupelekwa eneo la Nyamata, alichukuliwa na askari na kuuawa Januari 1964. Hakuwa na chuki na waliomchukua. Lakini kanisa la nchi hiyo, la Kianglikana kama la Kikatoliki, lilijifunza kuishi na utaratibu wa vitambulisho vya kabila, na miaka 30 baadaye, kati ya Aprili na Julai 1994, mauaji ya kimbari yalifanyika hata ndani ya makanisa. Walikuwapo ndugu waliokufa wakiwaficha majirani. Walikuwapo pia viongozi wa kanisa waliosimama upande wa serikali iliyokuwa inaua. Kusema kwamba wauaji hawakuwa wameokoka kweli ni jibu jepesi mno. Swali zito zaidi ni kwa nini watu waliozoezwa kwa miaka 60 kuzichunguza dhambi zao hawakuzoezwa kuiona dhambi hii.

Haikulazimu iwe hivyo, na Uganda inathibitisha. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika uamsho huohuo, akawa askofu mkuu mwaka 1974. Alipoona watu wanatekwa na kuuawa, hakuridhika kuwaombea. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia mtawala wa nchi, Idi Amin, barua ya kulalamikia maovu hayo, na tarehe 16 ya mwezi huo akauawa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, ndugu wa uamsho vilevile, alikimbia kwa miguu usiku kuvuka milima hadi Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu kuhusu kumsamehe Amin. Barua na msamaha vilitoka katika malezi yaleyale. Kwao nuru waliyozoea kujimulikia haikuzimwa walipofika kwenye lango la ikulu.

Desemba 1996, Wakristo wa Rwanda wa makabila mbalimbali pamoja na Wazungu walikutana Detmold, Ujerumani, wakatoa ungamo la pamoja. Wahutu waliokuwapo walitubia maovu ya Wahutu, Watutsi maovu ya Watutsi, na Wazungu maovu ya mataifa yao nchini Rwanda. Walilaumiwa. Wapinzani waliuliza mtu anawezaje kutubia asilolitenda, na kama kutubu kikabila hakumfunikii muuaji halisi kwa kumficha ndani ya kundi. Hoja hiyo ina msingi katika sura ya 18 ya Ezekieli, inayokataa mwana kubebeshwa uovu wa baba yake. Lakini Biblia hiyohiyo inamwonyesha Nehemia, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, akiziungama dhambi za Israeli huku akijihesabu yeye na nyumba ya baba yake kuwa miongoni mwao, kabla ya kwenda kwa mfalme kuomba ruhusa ya kuujenga mji. Hatia ya damu ni ya aliyemwaga, na mahakama inapaswa kumshika yeye. Wajibu wa kurekebisha kilichoharibiwa kwa jina la kundi unamfikia kila anayebeba jina hilo, hasa akiwa bado anafaidika nalo.

Ushirika wa ndugu bado unakutana kila juma Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, na bado unauliza maswali yaleyale kuhusu fedha, ndoa na ulimi. Unapaswa sasa kuuliza, kwa ukali uleule, juu ya shamba lililopatikana kwa kumfukuza jirani, kazi iliyotolewa kwa sababu ya kabila, na kura iliyouzwa.