Jinsi ya kuandika simulizi ya uvuvi inayomshika msomaji

Mkoa wa Simiyu unajulikana zaidi kwa pamba na ng'ombe, lakini wilaya yake moja, Busega, imepakana na Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi ni takriban kilomita 70. Habari kutoka mialo ya huko hutufikia mara kwa mara, na nyingi zinafanana: wavuvi wamelalamikia upungufu wa samaki, kiongozi ameahidi kulishughulikia suala hilo. Msikilizaji akizima redio, hamkumbuki mvuvi hata mmoja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandika simulizi ya uvuvi ambayo mtu ataisoma hadi mwisho, na ambayo mvuvi mwenyewe akiisikia atakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Kwa nini uvuvi umeandikwa sana

Mwaka 1653 Mwingereza Izaak Walton alichapisha kitabu kuhusu uvuvi wa ndoano ambacho bado kinasomwa. Mwaka 1976 Norman Maclean wa Marekani aliandika hadithi ya ndugu wawili wanaovua kwa chambo bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ifanane na mdudu. Uvuvi wa aina hiyo upo hata Afrika Mashariki. Samaki aina ya trauti walipandikizwa katika mito ya milimani nchini Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na hapa Tanzania wageni huenda mito ya Mnyera na Ruhudji, katika bonde la Kilombero, kuvua samaki wenye meno makali.

Waandishi hao hawakutegemea ukubwa wa samaki. Wao walitazama maji kwa makini, kisha wakamtazama mtu anayesubiri. Katika kitabu cha Ernest Hemingway cha mwaka 1952 kuhusu mzee na bahari, mvuvi anakaa siku 84 bila kupata kitu. Anapompata samaki mkubwa, papa wanamla njiani, naye anarudi na mifupa. Msomaji anaendelea kusoma kwa sababu anajua mzee yule anaweza kupoteza nini.

Mambo manne ya kukusanya mwaloni

Kwanza, tafuta kinachoweza kupotea. Kabla mtumbwi haujaingia majini, kuna fedha iliyokwisha kutumika: mafuta, chakula, matengenezo ya nyavu. Muulize mvuvi nani alilipa, na mavuno yakiwa haba nani anabaki na deni. Uliza pia jinsi mapato yanavyogawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na wavuvi wake. Hapo ndipo simulizi inapoanza.

Pili, jua muda. Uvuvi wa dagaa hutumia taa na hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa vizuri na kazi husimama. Ukifika mwaloni siku hizo utakuta wanaume wanashona nyavu, na usiandike kwamba hawana kazi. Uliza mwezi ukoje.

Tatu, taja vitu kwa majina yake. Neno "samaki" ni pana mno. Sangara, sato, dagaa, furu, kambare na kamongo wana bei, tabia na mitego tofauti. Vivyo hivyo nyavu: timba na kokoro ni zana haramu, na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Ukikosea jina la zana, unaweza kumfanya mtu asiye na kosa aonekane mhalifu.

Nne, sikiliza pande zote. Mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara, na nyavu haramu zikateketezwa kwa moto. Kwa afisa uvuvi, moto ule ulikuwa kinga ya mazalia. Kwa aliyenunua wavu kwa mkopo, ulikuwa hasara. Simulizi nzuri inaziweka kauli zote mbili mbele ya msikilizaji bila kumcheka yeyote.

Mfano wa sentensi

Tuchukue mfano wa kubuni. Sentensi dhaifu ni hii: "Wavuvi wanakabiliwa na changamoto ya mapato madogo." Sasa soma hii: "Alihesabu ndoo tatu za dagaa, akatoa ya mafuta, akatoa ya tajiri, akabaki ameshika ya tatu akiwaangalia wenzake wanne." Sentensi ya pili haikutaja changamoto, lakini msomaji ameiona.

Picha moja inapobeba mji mzima

Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ilionyesha biashara ya sangara jijini Mwanza na watu wanaokula mapanki. Ilisifiwa ng'ambo na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hapa nchini ilizua hasira, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani akisema inaichafua nchi. Yeyote unayemuunga mkono, somo kwa mwandishi ni moja: ukichagua picha moja kuubeba mji mzima, wenye mji watakuuliza umeziacha wapi nyingine.

Linganisha na mwanabiolojia Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewachunguza furu wa ghuba ya Mwanza na kuandika kitabu mwaka 1994. Aliishi na jambo lake muda mrefu. Kupotea kwa samaki wadogo, baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka, kukasomeka kama msiba wa jirani.

Kuna pia usalama wa anayekusimulia. Mtu akikiri kwamba anatumia zana haramu, au akimtaja anayepokea rushwa, usiandike jina lake wala la mwalo wake bila kuelewana naye kwanza. Wewe utarudi studio, yeye atabaki mwaloni.

Si lazima ufike ziwani

Aliye Bariadi, Itilima, Maswa au Meatu ana simulizi karibu. Mvua zikinyesha, watoto na watu wazima huvua kambare kwenye mito na malambo. Maji yakikauka, kamongo hujichimbia kwenye tope na kuweza kuishi humo miezi mingi akisubiri mvua. Mkulima anayesubiri mvua hiyo hiyo atakuelewa haraka.

Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti. Kisha, ikiwezekana, mpigie simu mvuvi umsomee sehemu inayomhusu. Atakaposema "hapo umekosea", shika kalamu.