Mkono Uliochorwa: Historia Fupi ya Mstari Unaopandisha na Kushusha Sauti

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba mnivumilie, maana nitatoka kidogo nje ya uwanja wetu wa vina na mizani. Nitaanzia nyumbani.

Miaka michache iliyopita, huko Tanga, nilimrekodi shangazi yangu akighani utenzi wa mawaidha alioupokea kwa mama yake. Alikwisha kuvuka miaka sabini, lakini mahadhi yake yalikuwa hayajachuja. Niliporudi kwangu nikaifungua rekodi ile katika programu ya kutengenezea muziki, nikaona kasoro, au niliyodhani ni kasoro. Kila alipofika kipande cha nne cha ubeti, penye kile kina kinachoufunga utenzi mzima tangu mwanzo hadi tamati, sauti yake ilididimia hata ikawa kama mnong'ono. Nami nimefundishwa tangu ujana kwamba kina hicho ndicho uti wa mgongo wa utenzi. Nikaona si haki kipotee. Nikachora mstari.

Mstari wenyewe ni huu. Katika programu za aina hiyo, sauti iliyorekodiwa huonekana kwenye kioo cha kompyuta kama utepe mrefu. Juu ya utepe huo unaweza kufunua mstari mwembamba, ukaweka nukta hapa na nukta pale, kisha ukauvuta mstari baina ya nukta hizo upande, ushuke au upinde. Sauti itaufuata: mstari ukipanda, sauti itakua, ukishuka, itafifia. Rekodi ya asili haiguswi. Nilikaa siku mbili nikiupandisha mstari mwishoni mwa kila ubeti, hadi kile kina kikasikika wazi kama kengele.

Watu wa studio huiita kazi hii kwa neno lenye asili ya Kiyunani, automatos, lenye maana ya kitu kinachotenda kwa hiari yake chenyewe. Sisi tungesema "kujiendesha". Neno hilo lilinikaa vibaya masikioni, maana siku mbili zile hakuna kilichojiendesha. Niliyeendesha ni mimi. Ndipo nikaanza kuifuatilia historia ya mstari huu, nikagundua kwamba ni mrefu kuliko kompyuta.

Tuanze na karatasi. Tenzi zetu, ziwe zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu au ya Kilatini, zimetuhifadhia maneno, vina na mizani. Hazikutuhifadhia pumzi. Mahali pa kupaza na mahali pa kunyamaza palibaki kifuani mwa mghani, vikapita kutoka mdomo hadi sikio. Waandishi wa muziki wa Ulaya nao walikuwa na upungufu huohuo kwa karne nyingi: waliandika sauti ipi ipigwe na kwa muda gani, lakini nguvu yake wakamwachia mpigaji. Mwaka 1712, Mwitalia Giovanni Antonio Piani alichapisha mjini Paris muziki wake wa fidla, na ndani yake akatia vijialama vyeusi kama kabari: upande mwembamba ni sauti ndogo, upande mnene ni sauti kubwa. Kabari hizo ni za mababu wa mstari wangu. Tayari alikuwapo mtu aliyeona kwamba kukua kwa sauti ni umbo, na umbo huchorwa.

Lakini kabari haisemi sauti ikue kwa kiasi gani. Inamwomba mpigaji, naye hujibu kwa mkono wake. Pengine huombwa hata asiyeimba. Mwingereza Gustav Holst, katika muziki wake uitwao The Planets, uliopigwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1918, alitaka mwishoni sauti za wanawake zififie hadi msikilizaji asijue zimekoma lini. Maagizo yake yalikuwa mepesi: waimbaji wakae katika chumba cha pembeni, na mlango ufungwe polepole. Kwa hiyo yule aliyeushika mlango alikuwa akichora mstari hewani.

Hatua iliyonigusa zaidi ni ya mwanamke mmoja wa Uingereza, Daphne Oram, aliyezaliwa mwaka 1925. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa karakana ya sauti ya BBC mwaka 1958, lakini mwaka uliofuata akaondoka, akaenda kujenga mtambo wake mwenyewe nyumbani kwake mkoani Kent. Mtambo huo, alioupa jina la Oramics, ulikuwa na tepu kumi za filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Oram alichora juu ya filamu hizo kwa mkono. Tepu zilipita mbele ya taa, kivuli cha mchoro kikaangukia vifaa vinavyohisi mwanga, na mwanga ukageuka umeme, umeme ukawa sauti. Michoro mingine iliamua sauti ipi isikike, na mingine ikaamua ukubwa wake kutoka nukta moja ya wakati hadi nyingine. Hakuitaka mashine imtungie. Alitaka mashine isome mkono wake hata katika kutetemeka kwake. Mtambo huo leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi la London. Mwaka 1977, mjini Paris, mtunzi Iannis Xenakis na wenzake walikamilisha mtambo mwingine, UPIC, ambapo mtu alichora kwa kalamu maalumu juu ya ubao na kompyuta ikaufanya mchoro kuwa muziki.

Wakati hayo yakifanyika kwa watafiti wachache, studio za kawaida zilikuwa zikihangaika kwa vidole. Meza ya kuchanganyia sauti ina vidude vya kusogezwa juu na chini, kimoja kwa kila sauti. Hapa nitaviita vitelezi. Sauti zilipoongezeka kwenye tepu, vitelezi viliongezeka, lakini binadamu akabaki na mikono miwili. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema. Mwaka 1975, kundi la 10cc lilikuwa likitengeneza wimbo I'm Not in Love katika studio ya Strawberry, mjini Stockport. Watatu kati yao waliimba kila noti mara kumi na sita, hata kila noti ikawa na sauti 48 zilizopandana. Noti hizo zikapangwa kwenye vitelezi, kisha wote wanne wakaizunguka meza na kuvisogeza kwa pamoja, kama wapigaji wa kinanda kimoja kikubwa. Mmoja akikosea, kazi ilianza upya. Na lililofanyika vizuri leo, kesho halikuweza kurudiwa sawasawa.

Hiyo ndiyo haja iliyozaa kompyuta ya studio: kukumbuka. Mwaka 1977 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitoa mfumo wa NECAM, wenye vitelezi vilivyofungwa mota ndogo. Fundi alisogeza vitelezi kwa mkono mara ya kwanza. Kompyuta ikashika mwendo wake. Tepu iliporudiwa, vitelezi vilisogea vyenyewe, kama vinaongozwa na mkono usioonekana. Na hapa pana jambo ambalo mshairi atalipenda: fundi alipoona pana kosa, alikishika kitelezi, na mashine ikamwachia. Mkono wa leo ulisahihisha mkono wa jana.

Mwaka 1983 vyombo vya kielektroniki vilipata lugha moja ya kuzungumziana, iitwayo MIDI, na humo ukubwa wa sauti ulipewa namba kuanzia 0 hadi 127. Mteremko ukawa ngazi: ni vidato 128 tu, na sikio kali lingeweza kusikia mguu ukishuka kidato hadi kidato. Kisha zikaja programu, mfano Pro Tools iliyotoka mwaka 1991, na taratibu mstari ukarudi kuwa mstari, ukaonekana machoni, ukachorwa kwa kipanya.

Ndipo mafundi wakajifunza upya alichokijua zamani kila mghani, kwamba kushuka kwa sauti si jambo la rula. Sikio halipimi kwa mstari ulionyooka. Ukikipunguza kimo cha mawimbi kwa nusu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Lakini ili sikio la kawaida lihisi kwamba sauti imebaki nusu, inahitajika kushuka kwa takriban desibeli 10. Kwa hiyo mawimbi yakipunguzwa kwa mstari ulionyooka, sauti huonekana kama imesimama palepale muda mrefu, kisha inaporomoka ghafla mwishoni. Ndiyo maana mstari hupindwa, utelemke mapema na kumalizia taratibu, kama mtu anayeaga huku bado anatazama nyuma.

Baada ya safari hiyo yote, nimekosana na neno "kujiendesha". Kuanzia kabari za Piani hadi vitelezi vya NECAM, hakuna aliyetafuta kitu cha kutenda kwa hiari yake. Walichotafuta ni namna ya kuuhifadhi uamuzi wa mkono ili usipotee pamoja na dakika yake. Kwa hiyo napendekeza tuuite mstari huu "mpindo wa mkono", na kazi yenyewe "kukumbusha sauti". Mwenye neno bora na alilete. Lugha haina hakimiliki.

Sasa nirudi Tanga. Nilimpelekea shangazi rekodi niliyoitengeneza. Alisikiliza beti saba au nane, macho yameelekea mlangoni, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii sauti ya mwisho nani kaijaza?"

Nikamweleza kwamba kina kilikuwa kinapotea.

"Hakikupotea," akasema. "Nilikiacha. Mama alipoghani, pale mwisho alituachia sisi tuliokaa. Yeye anashusha, sisi tunakitaja. Sasa wewe umekitaja peke yako."

Sikuwa na jibu. Alipokuwa akirekodiwa hapakuwa na watu chumbani ila mimi na kinasa sauti, nami niliusikia mnong'ono bila ya kuisikia nafasi aliyoitoa. Nilichokiona kwenye kioo kama bonde lililohitaji kufukiwa kilikuwa kiti kilichowekwa kwa ajili ya msikilizaji. Mkono wangu uliufuta mkono wake, na mkono wa mama yake nyuma yake.

Kuufuta mstari ilikuwa kazi ya nusu dakika. Rekodi ya asili ilikuwapo palepale chini yake, na mnong'ono wake umo. Shida ni kwamba kabla ya siku ile nilikwisha kuigawa nakala yangu kwa jamaa. Watoto wa ndugu zangu wamejifunza utenzi ule kwayo, na wakifika kipande cha nne wanakikaza kwa nguvu zao zote, hawamwachii mtu neno.

Mwaka uliopita shangazi alitutangulia. Nimewapelekea jamaa nakala ya pili, isiyo na mstari. Kila ninapokwenda Tanga nawakalisha watoto, naghani mimi, na mwishoni mwa ubeti nashusha sauti na kungoja. Mara nyingi hunitazama tu, wakidhani nimesahau. Mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na mmoja, safari iliyopita alikitaja kina kwa sauti ndogo, kisha akacheka kwa haya. Nami nikaendelea na ubeti uliofuata.