Tulivuka Ziwa, Sheria ya Ndoa Ikabadilika

Wengi wetu tuliotoka Fizi, Baraka na Uvira mwaka 1996 na miaka iliyofuata tulivuka Ziwa Tanganyika na watoto, sufuria, na mwenye bahati alikuwa na godoro. Tulipofika upande wa Kigoma tukaandikishwa majina, tukapewa turubai, tukapelekwa Nyarugusu. Hakuna aliyetuambia kwamba kule majini tulikuwa tumeacha sheria moja ya ndoa na kuingia katika nyingine. Na kusema kweli, siku zile nani angeuliza? Ila miaka imepita, ndoa nyingine zimevunjika, na swali linakuja kila mara mbele ya wazee: nikiachana na mwenzangu, haki yangu ni ipi?

Mimi si mwanasheria. Kule kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hapa kambini nimekaa miaka mingi na wazee wa kijiji nikiwaandikia maneno ya kesi za nyumbani. Ninaandika historia hii kwa sababu nimeona jambo moja: mtu akijua haki yake ilitoka wapi, haombi tena kama anayeomba msaada. Anadai.

Tuanze na kule tulikotoka. Nchi yetu ilipoitwa Zaire, Mobutu alitia saini Sheria ya Familia tarehe 1 Agosti 1987. Sheria ile ilikuwa na mambo mazuri. Ilisema talaka inatolewa na tribinali, si na mume peke yake, na kila mmoja wa wanandoa anaweza kuiomba kama muungano umeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Lakini pia ilimweka mume kuwa mkuu wa nyumba na kumtaka mke amtii. Mke alipotaka kujifunga kwa mkataba wa kazi ambayo angeifanya mwenyewe, alipaswa kupata ruhusa ya mumewe. Hata pale wanandoa walipochagua kila mtu abaki na mali yake, sheria ilichukulia kwamba mume ndiye msimamizi. Sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile. Lakini sisi wa mwaka 1996 tulikwisha kuondoka. Tulikuja na ile ya 1987 kichwani, pamoja na desturi za mahari za ukoo wetu.

Sasa upande huu wa ziwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ndoa zilikuwa na sheria nyingi: Waislamu na yao, Wakristo na yao, Wahindu na yao, na kila kabila na mila yake. Mwaka 1969 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa waraka wenye mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa kwa wote. Mengi ya mawazo yake yalitoka kwenye tume iliyoundwa Kenya muda mfupi kabla. Ajabu ni kwamba Kenya yenyewe ilishindwa kuyapitisha bungeni, ikakaa hadi mwaka 2014 ndipo ikapata Sheria ya Ndoa moja. Tanzania iliyachukua mapema ikatunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na ndiyo inayotumika Tanzania Bara hadi leo, hapa tulipo.

Sheria hiyo ilisema mambo ambayo mama zetu wasingeyaamini. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kuwa na mali, kuingia mkataba, kushitaki na kushitakiwa, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Ndoa iliyofungwa haiwi batili kwa sababu mahari haijaisha kulipwa. Kwa hiyo mama aliyepanda mashua Baraka akiwa mtu wa kuomba ruhusa, alishuka Kigoma akiwa mtu kamili mbele ya sheria. Hakujua tu.

Mtu atauliza: kwani sheria ya Tanzania inamhusu mkimbizi? Inamhusu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliukubali mwaka 1964, unasema katika kifungu cha 12 kwamba hadhi ya mkimbizi, ikiwemo mambo ya ndoa, inafuata sheria ya nchi anayokaa. Kifungu hichohicho kinasema haki alizokuja nazo, hasa za ndoa, ziheshimiwe. Maana yake ndoa uliyofunga Fizi haikufa ziwani. Inaheshimiwa, bali ikitaka kuvunjwa hapa, inavunjwa kwa sheria ya hapa. Na kifungu cha 16 kinampa mkimbizi mlango wa mahakama sawa na mwenyeji, pamoja na msaada wa kisheria.

Sasa nije kwenye mali, maana hapo ndo kelele zilipo. Nimesikia wazee wakigawa vitu hivi: cherehani kwa baba, kwa kuwa yeye ndiye alileta pesa, mbuzi kwa baba, sufuria kwa mama. Mama mmoja aliyeshonea cherehani hiyo miaka saba alijibu mwenyewe, "Mwalimu, ni kweli, si yangu, mimi nilikuwa nashona tu." Neno hilo "tu" lina historia yake mahakamani.

Sheria ya 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za wote wawili. Lakini juhudi ni nini? Kupika, kufua, kulea, ni juhudi? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana. Wengine walisema kazi ya nyumbani ni wajibu wa mke, haihesabiwi. Wengine walisema inahesabiwa. Mwaka 1983 jambo likafika Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ndoa yao ilikuwa imevunjwa mwaka 1980 na Mahakama ya Mwanzo jijini Dar es Salaam, na mahakama hiyo ikaona Bi Hawa hana fungu, kwa kuwa alikuwa mke tu na nyumba ilinunuliwa kwa pesa za mume. Tena lile neno "tu".

Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa fikra hiyo. Walisema juhudi na mchango katika sheria ile unaingia pia kazi ya nyumbani ya mke au mume. Tangu hapo, mwanamke wa Tanzania aliyebaki nyumbani akipika na kulea ana cha kusema mahakamani. Lakini tusimalizie hadithi kwa utamu wa uongo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe aliwahi kumpa pesa za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitumia vibaya, hivyo fungu lake likahesabiwa limekwisha kuliwa. Alitoka mikono mitupu, na kwa jina lake wengine wengi wakapata. Hilo nalo ni somo: mahakama haigawi nusu kwa nusu kwa macho yaliyofumba. Inaangalia mchango wa kila mmoja, wa pesa, mali au kazi. Inaangalia madeni yaliyochukuliwa kwa faida yao wote, mahitaji ya watoto, na desturi za jamii yao. Kisha sheria inaitaka ielekee kwenye usawa.

Njia ya talaka yenyewe ni hii. Kwanza mgogoro unapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo huundwa kwa mujibu wa sheria. Kikao cha wazee wetu kinasaidia sana, lakini peke yake si Baraza hilo. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita utakapofungua shauri. Kisha unakwenda mahakamani. Hata Mahakama ya Mwanzo ina uwezo huo. Hapo unaonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ukatili, uzinzi, kutelekezwa miaka mitatu na zaidi, na mengine. Mwenzako kama alikutoroka na hujui aliko, au amebaki Kongo na hatarajiwi kuja ndani ya miezi sita, sheria haikulazimishi kupita kwanza barazani. Wengi wetu tuko hapo, na hatujui.

Jambo ambalo nataka kila anayesoma alishike ni hili: kutenganisha kadi ya chakula si talaka. Watu wakigombana wanaomba kadi igawanywe ili kila mmoja apokee posho yake, na ni sawa, mtu ale. Lakini ile ni karatasi ya chakula. Barua ya wazee nayo ni barua ya wazee. Hata talaka iliyotamkwa kwa mdomo hapa Tanzania inahitaji kupita mahakamani ili ndoa ihesabike imekwisha kisheria. Nimeona mama mmoja aliyeishi miaka sita akiamini ameachika, kumbe kwenye mafaili bado ni mke wa mtu. Alipotaka kuolewa, shida. Watoto walipotajwa kwenye safari ya kwenda nchi ya tatu, ikaulizwa: nani ana haki ya kuwalea, na karatasi ya mahakama iko wapi? Haikuwepo.

Juu ya watoto, kwetu tumezoea kusema mahari ikilipwa watoto ni wa ukoo wa baba, basi. Sheria ya hapa inatanguliza ustawi wa mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kwamba ni vizuri akae na mama, isipokuwa ionyeshwe sababu ya kinyume. Na baba anabaki na wajibu wa kumtunza hata kama mtoto analala kwa mama. Wale walioishi pamoja bila harusi wala mahari nao hawajatupwa: wakikaa miaka miwili na zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kwamba wameoana. Hata dhana hiyo ikipingwa na kushindwa, mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto.

Kina baba msinikasirikie. Sheria hii ni yenu pia. Mume aliyebaki kulea wakati mke anauza sokoni, kazi yake inahesabiwa vilevile.

Kwa ninyi mnaotuhudumia, ombi langu ni dogo. Mtu akija kutenganisha kadi, mwambieni palepale kwamba ndoa yake bado ipo. Kutoka kambini kunahitaji kibali, basi tarehe ya mahakama na tarehe ya kibali zisigongane. Na mkalimani awepo, kwa sababu mama wa Kibembe anaweza kueleza miaka ishirini ya kazi yake vizuri kabisa, ila kwa Kibembe. Asipoeleweka, itaandikwa tena kwamba alikuwa mke tu.